Mabomba ya ndani ya nyumba, kuyafunga na kuyafunika yasimuumize mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Bomba liko chini ya sinki huko, nani atagusa mpaka nihangaike kulifunika?

Wa kwanza ni mtu anayetumia kiti cha magurudumu. Wewe ukisimama mbele ya sinki miguu yako iko mbali na bomba, yeye akisogea kunawa magoti yanaingia chini kabisa, paja linakaa pale pale kwenye bomba la maji moto au kwenye trapu (ile kona ya bomba la maji machafu chini ya sinki), na kama aliumia uti wa mgongo au kisukari kimeharibu mishipa ya fahamu ya miguu basi hasikii chochote. Mwenye hisia zake akigusa kitu cha moto anaruka kabla hata hajafikiria, asiyehisi anaendelea kupiga mswaki taratibu huku ngozi inaungua, anakuja kuona malengelenge jioni akivua suruali. Na kidonda cha mguu usiohisi hakiponi haraka, kwa mwenye kisukari kinaweza kumfikisha pabaya kabisa.

Halafu kuna mzee anayekaa kwenye stuli kunawa manake hawezi kusimama muda mrefu, kuna mtoto anayetambaa, kuna aliyepata kiharusi upande mmoja umekufa ganzi. Wote hao wanakutana na bomba ambalo wewe hulioni.

Ni moto kiasi gani ndio wa kuunguza?

Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima ndani ya sekunde chache tu, yakishuka mpaka nyuzi 49 inachukua dakika kadhaa. Mtoto na mzee ngozi zao ni nyembamba kwa hiyo wao ni haraka zaidi. Bomba la shaba au chuma linakuwa na joto karibu sawa na maji yaliyomo ndani, la plastiki linapitisha joto polepole kidogo lakini usilitegemee. Hita ya sola ndiyo ya kuiogopa zaidi, siku ya jua kali na hakuna aliyetumia maji, tangi linaweza kupita nyuzi 80 bila mtu kujua.

Na watu wanasahau bomba la maji machafu. Ukimwaga sufuria la maji yaliyochemka kwenye sinki la jikoni, ile trapu inabaki ya moto kwa muda, na ndiyo iliyo karibu zaidi na magoti. Kwa hiyo ukifunika bomba la maji moto ukaacha trapu wazi kazi ni nusu.

Sawa, ninunue sponji ya kuvika mabomba nianze kufunika?

Ngoja kwanza. Sponji ni hatua ya mwisho na watu wengi wanaanzia nayo kwa sababu ndiyo rahisi. Anza na joto la maji, halafu angalia kama bomba linaweza kuhamishwa lisiwe njiani kabisa, halafu lifunge vizuri lisicheze, ndipo ulifunike. Bomba ambalo halipo mahali pa magoti halimuunguzi mtu hata sponji ikidondoka.

Kwenye joto kuna mtego kidogo. Ukisema unashusha hita mpaka nyuzi 45 umeokoa ngozi lakini umewakaribisha bakteria wa Legionella, wale wanastawi kwenye maji ya kati ya nyuzi 20 na 45 na wanaleta nimonia kali. Ndio maana ushauri wa kawaida ni tangi la hita libaki kwenye 60 halafu unafunga valvu ya kuchanganya maji moto na baridi yenye themostati, maji yanatoka kwenye koki yakiwa nyuzi 41 mpaka 43 hivi, na ikitokea maji baridi yamekatika valvu inafunga yale ya moto. Hiyo valvu inawekwa karibu na koki, sio mbali, ili maji ya vuguvugu yasikae kwenye bomba refu. Sasa angalia, ikiwekwa chini ya sinki kile kipande cha bomba kinachoingia kwenye valvu bado kina maji ya nyuzi 60, kwa hiyo kufunika bado kupo pale pale. Na kama hujawahi kufunga valvu ya namna hii muite fundi bomba aifunge na aipime kwa kipimajoto mbele yako, sio kwa kidole.

Nafasi ya magoti chini ya sinki iwe kubwa kiasi gani?

Vipimo vinavyotajwa sana ni vya Marekani, vya ADA, sheria yao ya watu wenye ulemavu, toleo la 2010. Ukingo wa juu wa sinki usizidi sm 86.5 kutoka sakafuni, nafasi ya magoti iwe na kimo kisichopungua sm 68.5 kwa mbele, upana usipungue sm 76. Kuhusu mabomba sheria hiyo inasema yafunikwe au yapangwe kwa namna ambayo mtu hatayagusa, na chini ya sinki kusiwe na kitu chochote chenye makali au cha kukwaruza. Hilo la makali watu hawalifikirii, skrubu iliyotokeza nusu inchi au ncha ya klampu inachana mguu usiohisi kama vile vile bomba linavyouchoma.

Ila kwa nyumbani mimi nasema vipimo ni mwanzo tu. Mkalishe mwenyewe kwenye kiti chake, mlete mbele ya sinki na umpime magoti yalipofika, viti havilingani na miguu hailingani. Na ukipima pima na unene wa sponji, kuna watu wanafunika bomba kwa sponji nene mpaka magoti hayaingii tena.

Nawezaje kulihamisha bomba lisiwe njiani?

La maji safi ni rahisi, koki za kufungia zinasogezwa pembeni au juu zaidi na mipira ya kuunganisha inapita nyuma. Kazi iko kwenye bomba la maji machafu. Kuna fitingi ya kutoa maji ambayo badala ya kushuka wima katikati ya sinki inapinda kwenda nyuma, kisha trapu inakaa imegusana na ukuta. Magoti yanapata nafasi yote ya mbele.

Mambo mawili usiyachezee hapo. Trapu yenyewe usiitoe hata siku moja eti inakula nafasi, yale maji yanayobaki kwenye ile kona ndiyo yanazuia harufu na gesi ya maji taka isiingie ndani. Na kipande cha bomba kinacholala kiwe na mteremko wa sm 2 kwa kila mita, ukiweka bapa uchafu unakaa, ukiweka mteremko mkali kupita kiasi kipande kikawa kirefu, maji yanaweza kuifyonza trapu ikabaki kavu halafu mnaanza kutafuta harufu inatoka wapi.

Sponji gani inafaa?

Inategemea bomba liko wapi.

Ile mirija ya kijivu ya polietilini iliyopasuliwa upande mmoja ni nyepesi na inatosha kwa maji moto ya kawaida ya nyumbani, lakini ni laini, ikisuguliwa na kiti kila siku inamenyeka. Ile nyeusi ya mpira inavumilia joto zaidi, inapinda vizuri kwenye kona, na haipitishi unyevu kirahisi kwa hiyo ndiyo nzuri hata kwa bomba la maji baridi linalotoa jasho. Kwa chini ya sinki ambapo miguu inagonga kila siku, bora zaidi ni vile vifuniko vya plastiki laini vilivyotengenezwa kwa umbo la trapu na koki, vinafungwa kwa kubana na kufunguliwa tena, uso wake ni mlaini na unafutika kwa kitambaa. Pamba ya kioo ni ya sehemu za moto sana kama karibu na hita ya sola, ila usiiweke mahali ngozi inapofika, zile nyuzi zinawasha, na ikilowa haifanyi kazi tena.

Nje ya nyumba au juu ya paa sponji yoyote ya aina hizi inaliwa na jua, baada ya muda inakuwa unga. Ipakwe rangi yake maalumu au ivikwe juu kwa ganda la plastiki au bati jembamba.

Si naweza kuzungushia tu nguo kuukuu au tepu?

Unaweza na itazuia kuungua kwa wiki chache. Nguo inanyonya maji, inaota ukungu, panapovuja pamejificha ndani ya tambara na bomba la chuma linaoza taratibu bila wewe kuona. Tepu peke yake ni nyembamba, joto linapita, gundi inayeyuka na inabaki inanata kwenye suruali ya mtu. Kama hela haijapatikana, afadhali uweke ubao mwepesi uliolainishwa mbele ya bomba, umefungwa kwa skrubu za pembeni unaoweza kutoka, magoti yanagusa ubao na sio bomba. Hiyo kwa kweli ni njia nzuri hata kwa mwenye hela, ila hakikisha ubao haupunguzi nafasi ya magoti.

Nimenunua sponji ya nusu inchi na haiingii, nimeuziwa feki?

Pengine hapana. Majina ya mabomba yanachanganya sana manake "nusu inchi" haisemi kipimo cha nje. Bomba la chuma la nusu inchi kwa nje lina mm 21.3, la shaba linaloitwa nusu inchi kwa vipimo vya Marekani lina karibu mm 15.9, la PPR (aina ya plastiki ngumu) la 20 ni mm 20 kweli kwa nje. Yote matatu watu wanayaita nusu inchi! Chukua uzi, uzungushe kwenye bomba, pima urefu wake ugawe kwa 3.14, hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo. Sponji inayobana sana inapasuka kwenye mshono, inayolegea inaacha hewa ikipita ndani na joto linaondoka nayo.

Naifungaje yenyewe?

Funga maji, subiri bomba lipoe, likaushe kabisa na ulifute mafuta na vumbi. Halafu kabla hujafunika chochote zungushia karatasi ya shashi kila maungio, iache usiku mzima, asubuhi angalia kama imelowa. Usifunike bomba linalovuja, nalirudia hili manake ndilo linaloozesha makabati ya watu.

Sponji ikate kwa kisu kikali, sio mkasi. Kwenye kona ya digrii 90 kata ncha mbili kwa digrii 45 zikutane, kwenye tii, pale bomba linapogawanyika, kata kabari. Mshono uliopasuliwa uelekee ukutani, mbali na miguu, kisha uufunge kwa gundi yake au tepu yake kwa urefu wote. Ukitumia zile kamba za plastiki za kukaza, usikaze mpaka sponji inaminyika (ikiminyika haizuii joto tena), na mkia ukate sawa kabisa na kichwa halafu ukigeuze nyuma. Ule mkia ukikatwa ovyo unabaki kama wembe. Kwenye koki na kwenye nati za trapu usigundishe, hapo weka kipande kinachofungwa kwa velkro, siku trapu imeziba mtu afungue kwa mkono.

Bomba linacheza ukiligusa, klipu zikae umbali gani?

Bomba la shaba la mm 15 linalolala kama mita 1.2 kati ya klipu na klipu linatosha, likiwa wima unaweza kwenda mpaka 1.8 hivi. La plastiki linataka karibu zaidi, hasa la maji moto, manake likipata joto linalegea na kuning'inia, PPR ya mm 20 yenye maji moto weka kila sm 60 hivi. Ongeza klipu moja karibu na kila kona na karibu na kila koki, ile nguvu ya mkono inayozungusha koki iende ukutani sio kwenye maungio.

Lakini usiyabane mabomba ya maji moto yakashindwa kupumua. Plastiki inarefuka sana, PPR ya kawaida ya mita 10 ikipanda nyuzi 40 inaongezeka kama sm 6, shaba ya urefu huo huo haifiki hata sm 1. Hizo sm 6 lazima ziende mahali, ukizibana pande zote bomba linapinda kama upinde au linang'oa klipu ukutani. Kwa hiyo klipu nyingi ziwe za kuongoza tu, bomba linateleza ndani yake, na chache ndio za kukaza, na kwenye kona uache nafasi. Shaba usiifunge na klampu ya chuma bila mpira katikati, vyuma viwili tofauti na unyevu vinakulana.

Ukifunga koki ghafla kunalia PUU ukutani, ni klipu?

Mara nyingi ni maji yaliyokuwa yanakimbia yamesimamishwa ghafla na mshtuko unapiga bomba. Klipu legevu zinaongeza kelele, kwa hiyo zikaze kwanza. Ikiendelea, presha ni kubwa au unahitaji kifaa cha kumeza mshtuko karibu na mashine ya kufulia au koki husika. Sponji inapunguza kelele tu, mshtuko bado unachosha maungio.

Mgonjwa wangu anashika sinki kujiinua, itahimili?

Sinki lililoshikiliwa na silikoni na bomba la maji machafu halihimili, litang'oka na mtu yuko juu yake. Lifungwe kwa mabano ya chuma kwenye ukuta mzito, na ukuta ukiwa wa mbao jembamba au jipsamu lazima kuwe na ubao mnene nyuma yake. Halafu weka vyuma vya kushikia pembeni ya sinki, vimefungwa peke yake. Na mwambie kila mtu wa nyumba kwamba bomba sio la kushikia, hata likionekana imara, mtu mzito akilivuta mara moja nati inalegea ndani ya sponji na kuvuja kunaanza kimya kimya.

Je koki ya kufungia maji, yeye mwenyewe ataifikia?

Hili ni swali zuri na wengi hawaulizi. Mpira umepasuka maji yanaruka na mwenye kiti yuko peke yake, koki iko nyuma ya trapu sm 10 kutoka sakafuni na ni ile ya kuzungusha iliyoganda. Hapo kila kitu kimefunikwa vizuri na bado hajasaidika. Weka koki ya mkono inayofunga kwa robo mzunguko, upande wa mkono wake wenye nguvu, kwenye kimo anachofika akiwa ameketi, na asilazimike kukaza ngumi ili kuigeuza. Ijaribuni pamoja. Igeuze mara moja moja isigande. Na ile mipira ya kusukwa kwa waya inayounganisha koki na bomba inazeeka kwa ndani, ukiona kutu kwenye waya au imevimba badilisha usisubiri.

Bomba la maji baridi linatiririka maji kwa nje na sakafu inateleza, limevuja?

Likifutwa na maji yanarudi kwa urefu wote wa bomba basi ni unyevu wa hewa unaogeuka kuwa matone kwenye bomba baridi. Sakafu yenye maji kwa mtu wa magongo ni hatari sawa na kuungua. Dawa ni sponji nyeusi ya mpira iliyogundishwa mishono yote na ncha zote, hewa isiingie kabisa, ikiacha upenyo jasho linatokea ndani ya sponji na hulioni tena.

Sehemu zenye baridi ya kugandisha, sponji inatosha?

Inachelewesha tu. Sponji haina joto lake, bomba likikaa usiku mzima kwenye baridi kali bila maji kutembea litaganda, na maji yakiganda yanaongezeka ujazo kama asilimia 9 hivi, presha ndiyo inayopasua. Kwenye ukuta wa nje weka sponji upande wa nje wa bomba na uache upande wa ndani upate joto la chumba, fungua milango ya kabati usiku, acha koki idondoshe kidogo. Waya wa kupasha bomba upo, ila usiupishanishe juu ya wenyewe na usiufunike kwa sponji kama maelekezo yake hayaruhusu, unaweza kuwasha moto.

Kuna kitu ambacho sipaswi kufunika?

Bomba linalotoka kwenye valvu ya usalama ya hita, mdomo wake ubaki wazi kabisa na uelekee chini mahali maji ya moto hayatamwagikia mtu. Hilo likizibwa hita inaweza kulipuka. Usifunike wala kuondoa klampu ya waya wa athi (unaopeleka umeme uliovuja ardhini) iliyofungwa kwenye bomba la chuma. Karibu na dohani ya hita ya gesi acha angalau sm 15, sponji za plastiki zinashika moto na moshi wake ni sumu.

Na kama nyumba ni ya zamani, ya kabla ya miaka ya 1980, na bomba tayari limevikwa kitu cheupe kigumu kama plasta au karatasi ya boksi, simama. Inaweza kuwa asbesto. Usikate, usikwangue, usifagie vumbi lake, muite mtu mwenye mafunzo ya kuiondoa.

Mimi ni mpangaji siruhusiwi kutoboa.

Vile vifuniko vya kubana na sponji ya velkro havihitaji tundu hata moja na unahama navyo. Valvu ya kuchanganya maji na mabano ya sinki ni kazi ya mwenye nyumba, mwandikie kwa maandishi ueleze nani anaishi hapo na anatumia kiti gani.

Panya wanatafuna sponji, nifanyeje?

Wanaipenda kweli kwa kutengenezea viota. Ziba tundu bomba linapoingilia ukutani kwa waya wa chuma uliosokotwa kisha silikoni juu yake, na vipande vilivyo karibu na sakafu vivike ganda gumu la plastiki juu ya sponji, ukingo wa ganda uwe umekunjwa ndani usikwaruze mguu.